Mafunzo ya Kazi Yapimwe kwa Lipi? Swali la Getanuwas na Uzoefu wa Hanang

Kila unapofungwa mwaka wa fedha, meza za viongozi wetu hujaa taarifa za mafunzo ya vijana. Taarifa hizo hufanana kama watoto wa tumbo moja. Ukurasa wa kwanza hueleza madhumuni. Wa pili hutaja idadi ya walioandikishwa, waliomaliza na waliotunukiwa vyeti. Wa tatu hubeba picha ya mgeni rasmi akikabidhi cheti huku akitazama kamera. Mwishoni husemwa kwamba mafunzo yalifana sana, na kwamba tatizo lililobaki ni upungufu wa fedha. Makala haya hayakuandikwa ili kuwabeza watayarishaji wa taarifa hizo. Yameandikwa ili kuhoji kipimo wanachopewa. Kada akipewa pishi iliyotoboka, hata awe mwaminifu namna gani, hataleta hesabu sahihi ya nafaka.

Na kwa kuwa Chama chetu kilitufundisha kukosoa na kujikosoa, hapana budi nianze na nafsi yangu. Mimi ni mkufunzi wa elimu ya siasa. Nimeandika taarifa za semina nyingi, na safu niliyoijaza kwa uangalifu kuliko zote ni ile ya mahudhurio. Sikuwahi kuulizwa kama wale waliohudhuria walifanya jambo lolote ambalo wasingalilifanya bila semina yangu. Wala mimi sikujiuliza, mpaka siku nilipoulizwa Getanuwas.

Swali la mzee

Getanuwas ni kata ya wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, katika nchi ya wafugaji wa Kidatoga, hasa Wabarabaig, wanaoishi jirani na Wairaqw wakulima na watu wengine waliohamia. Nilikwenda huko kuendesha semina ya viongozi wa mashina na matawi. Mada mojawapo ilikuwa ajira ya vijana. Nilieleza kama nilivyozoea: useremala, uashi, uchomeleaji, ushonaji, na kwamba kijana mwenye ufundi halali njaa. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango, fimbo yake mapajani, akaomba nafasi.

"Mwalimu," alisema, "mwanangu alikwenda chuo akajifunza kujenga. Amerudi, anajenga. Mtoto wa ndugu yangu hakwenda popote. Alishika kibarua kwa fundi aliyekuja kujenga madarasa, akachanganya mchanga, akajifunza. Naye anajenga. Wote wawili wanaitwa siku zile zile, wanalipwa sawa. Siku ambayo kazi hakuna, wote wawili wanachunga. Sasa nieleze, chuo kiliongeza nini?"

Baadhi ya washiriki walicheka. Mimi nilijibu kwa maneno mengi: nikataja thamani ya cheti, nikataja zabuni za Serikali, nikataja uchumi wa kisasa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ahsante, Mwalimu," akakaa. Na ilikuwa ile ahsante ambayo humwambia mtu kwamba hajajibu.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipotambua kwamba mzee yule alikuwa ameliweka suala zima la tathmini katika sentensi chache. Mafunzo hayapimwi kwa hali ya aliyefunzwa peke yake. Hupimwa kwa kumlinganisha aliyefunzwa na mwenzake wa hali ile ile ambaye hakufunzwa. Wataalamu huita hilo kundi la kulinganisha. Mzee alikuwa nalo nyumbani kwake: mwanawe na mtoto wa ndugu yake.

Kipimo cha mlangoni

Taifa letu si geni katika jambo hili. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 tulikubaliana kwamba elimu inayomtoa kijana katika jamii yake na kumfanya asifae shambani wala ofisini ni elimu iliyopotea njia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likatilia nguvu mshikamano wa elimu na kazi. Mwaka huo huo wa 1974 ikapitishwa sheria ya mafunzo ya ufundi stadi. Vituo vya ufundi vya baada ya elimu ya msingi vikafunguliwa nchini kuanzia katikati ya miaka ya 1970, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo kimojawapo kiko Tango, wilayani Mbulu, vikaanza wakati huo huo kwa msaada wa Sweden. Sheria ya 1994 ikaunda VETA. Mwaka 2024 ukaanza kutekelezwa mkondo wa elimu ya amali katika shule za sekondari, na mwezi Januari 2025 sera ya elimu iliyorekebishwa ikazinduliwa Dodoma. Kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya nusu karne ya juhudi za kweli, na fedha za kweli. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo kabla ya 2013 ilikuwa asilimia 6 ya mishahara na ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5. Ni fedha inayotokana na jasho la wafanyakazi. Kuuliza imeleta nini ni haki ya wafanyakazi hao.

Katika nusu karne hiyo kipimo kilichotawala ni kile ninachokiita kipimo cha mlangoni. Tunasimama kwenye lango la chuo, tunahesabu wanaoingia, tunahesabu wanaotoka. Vituo vya miaka ya 1970 vilihesabiwa kwa wingi wake. Kituo kilichokuwa na walimu wawili na randa moja kilikuwa kituo sawa na kingine katika jedwali. Vijana waliojifunza useremala walirudi katika vijiji ambako hakukuwa na mbao za kununua wala mtu mwenye fedha ya kununua kabati. Wengi wao wakaenda mjini. Jedwali halikuwa na safu ya jambo hilo.

Ni kweli kwamba siku hizi hufanywa pia tafiti za kufuatilia wahitimu baada ya kuondoka chuoni, kuuliza wangapi wameajiriwa na wangapi wamejiajiri. Hiyo ni hatua mbele. Lakini tuutazame utafiti wa namna hiyo kwa jicho la mzee wa Getanuwas. Tuseme watu wengi kati ya waliohojiwa wana kazi. Je, wasingalikuwa nayo? Kijana aliyeweza kulipa ada, aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne, mwenye mjomba Babati wa kumpa malazi, huyo alikuwa na nafasi nzuri ya kupata kazi hata kabla hajaingia chuoni. Tukimhesabu yeye kama tunda la chuo, tunakipa chuo sifa ya mjomba.

Nchi ya Marekani, ambayo ni ya kibepari na hujivunia hesabu zake, ilianguka katika shimo hilo hilo. Mwaka 1982 ilipitisha sheria ya ushirikiano wa mafunzo ya kazi, ambayo wakandarasi wake walipimwa kwa idadi ya watu waliowatafutia ajira. Wakosoaji wakaona upesi kinachotokea: mkandarasi anayepimwa kwa idadi hiyo huchagua watu ambao ni rahisi kuajiriwa, na wale wenye shida zaidi, ambao ndio sheria ilitungwa kwa ajili yao, hubaki nje. Ndipo ukafanywa utafiti mkubwa katika maeneo 16, ukihusisha waombaji wapatao 20,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakaingizwa katika mafunzo na wengine wakaachwa. Matokeo yaliyotolewa katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba watu wazima walinufaika kidogo katika kipato. Vijana walioacha shule, kundi lililopigiwa kelele kuliko yote, hawakunufaika.

Kenya na Uganda

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Wamarekani. Basi tuje kwa jirani zetu.

Magharibi mwa Kenya, mwaka 2008, vijana zaidi ya 2,000 waliokuwa wametoka shuleni waliomba kusomeshwa ufundi. Bahati nasibu ikaamua nani apewe vocha ya kulipia ada. Waliopata vocha walijiandikisha vyuoni kwa wingi, na zaidi ya nusu wakamaliza. Kwa kipimo cha mlangoni programu ile ingestahili ngoma na vigelegele. Lakini watafiti walipowalinganisha waliopata vocha na waliokosa, hawakuona tofauti ya maana katika kipato kwa jumla. Vijana walijifunza, chuo kilifundisha, walimu walilipwa, na maisha ya makundi mawili yakabaki karibu sawa.

Kaskazini mwa Uganda, baada ya vita, Serikali ya huko iliendesha mpango wa fursa kwa vijana. Vikundi vya vijana viliandika mipango ya kujifunza ufundi na kuanza kazi, na mwaka 2008 vikundi vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu vikapewa fedha taslimu, wastani wa dola 382 kwa kila mwanachama. Hakukuwa na msimamizi wa kuwafuata nyuma. Sehemu ya fedha ililipia mafunzo. Sehemu kubwa zaidi ilinunua zana: vyerehani, mashine za kuchomelea, vifaa vya useremala na vya saluni. Baada ya miaka 4, waliopata fedha walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 38. Hapo wengi wangefunga daftari na kutangaza ushindi. Watafiti wakarudi tena baada ya miaka 9. Wakakuta wale waliokosa wamewafikia wenzao kwa kipato. Waliopata bado walikuwa na mali nyingi zaidi, lakini pengo la kipato lilikuwa limezibika.

Naomba makada watafakari mambo mawili katika habari hizi, kwa kuwa yanagongana na mazoea yetu. La kwanza, mafunzo yaliyofuatana na zana yalileta tofauti kubwa, na mafunzo ya ada peke yake yakaleta tofauti ndogo. La pili, jibu la mwaka wa 4 halikuwa jibu la mwaka wa 9. Sisi hufunga tathmini zetu siku ya mahafali. Tungekuwa Uganda, tusingejua ushindi wala kufifia kwake.

Sitaki kusema kwamba vyuo havina kazi. Huko huko Uganda kuna uchunguzi mwingine ulioonyesha kwamba vijana waliopata ufundi wenye cheti kinachotambulika waliweza kuhama kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine na kuendelea kupata kazi, kuliko waliojifunza kwa mwajiri mmoja tu bila cheti. Cheti kina nguvu mahali ambapo kuna waajiri wengi wasiomfahamu kijana. Getanuwas kila mtu anamfahamu kijana.

Ngano ya Hanang

Lakini wilaya ya Hanang ina somo lake yenyewe, kubwa kuliko ya Kenya na Uganda, nalo halifundishwi katika vyuo vyetu jinsi linavyostahili.

Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, liliundwa 1969. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika hilo lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, wakati Hanang ikiwa bado mkoa wa Arusha. Mashamba yakafika saba: Basotu, Mulbadaw, Setchet, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Waret, jumla ya ekari kama 100,000. Yalilimwa kwa matrekta makubwa na kuvunwa kwa kombaini, kwa mtindo wa nyanda za ngano za Kanada. Utafiti wa mbegu ulifanyika Selian, Arusha. Na sehemu muhimu ya msaada huo ilikuwa mafunzo. Watanzania walifundishwa mashambani na katika karakana, na wengine wakapelekwa Kanada kusoma. Lengo lilitajwa waziwazi: Mtanzania achukue nafasi ya mgeni.

Naandika bila kejeli: kwa lengo hilo mafunzo yalifaulu. Wakanada walipomaliza msaada wao mwanzoni mwa miaka ya 1990, mameneja, wataalamu wa kilimo na mafundi wa mitambo walikuwa Watanzania. Kijana aliyezaliwa katika nyumba ya udongo aliweza kuifungua injini ya kombaini na kuifunga tena ikafanya kazi. Hili lilikuwa jambo la fahari, na wale waliolishuhudia wana haki ya kulikumbuka hivyo.

Swali ni ufundi ule ulisimama juu ya nini. Ulisimama juu ya kombaini, na kombaini ilisimama juu ya vipuri vya kutoka nje, mafuta ya kutoka nje, na fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Msaada ulipokwisha, na wakati huo huo mashirika ya umma yakawa yanavunjwa na kuuzwa, mitambo ilisimama mmoja baada ya mwingine. Katika miaka ya 2000 baadhi ya mashamba yalirudishwa kwa vijiji na mengine yakaingia mikononi mwa mwekezaji. Mahali palipokuwa na shamba moja lisilo na ukomo wa macho pakawa na mashamba ya watu, ya ekari chache chache, mahindi na alizeti na maharage, yanayolimwa kwa jembe la ng'ombe au trekta la kukodi. Dereva wa kombaini asiye na kombaini ana kumbukumbu nzuri tu. Na ngano ambayo nchi hii hula, sehemu yake kubwa sana, huja kwa meli.

Hilo ni upande mmoja. Upande wa pili ni wa wale ambao hawakuingia darasani kabisa. Nyanda zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, yaliyotumika kwa zamu na majira kwa kanuni zao wenyewe. Wafugaji walipoteza malisho, wakapoteza njia za mifugo kwenda majini na kwenye chumvi, na wakalalamika kwamba hata makaburi ya wazee wao yamepitiwa na jembe. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani kulishtaki NAFCO. Mahakama Kuu ikakipa haki, na Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ikaitengua hukumu hiyo. Kazi za ufundi katika mashamba zilikwenda zaidi kwa watu waliotoka kwingine wakiwa na shule. Wabarabaig walioajiriwa walikuwa wachache, na mara nyingi si kwenye usukani.

Hebu tulete sasa karatasi ya tathmini. Safu ya gharama itaandika mishahara ya wakufunzi, nauli za kwenda Kanada, bei ya mitambo. Je, mfugaji aliyepoteza malisho ataandikwa safu ipi? Hayumo katika gharama, kwa kuwa hakuna aliyemlipa. Hayumo katika wahitimu. Hayumo hata katika kundi la kulinganisha, maana hali yake ilibadilishwa na mradi wenyewe. Karatasi inaweza kuwa sahihi katika kila tarakimu na bado isimwone mtu aliyesimama pale pale shamba lilipoanzia.

Azimio la Arusha lilitaja mambo manne ambayo maendeleo huyahitaji: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Huko Hanang tuliwaendeleza baadhi ya watu kwa ufundi huku tukiwanyang'anya watu wengine ardhi, kisha tukaandika taarifa ya lile la kwanza tu. Sidhani kama wenzetu wa wakati ule walikuwa na nia mbaya. Taifa lilitaka mkate wake. Lakini kada wa leo anayekwenda Getanuwas kuhubiri mafunzo ya kazi anawahubiria watu ambao wazazi wao waliwahi kuona mafunzo ya kazi yakipita kwa mbio kubwa, yakivuta jembe nyuma yake. Asishangae wakimsikiliza kwa mikono iliyokunjwa.

Ufundi uliokuwepo

Kuna jambo jingine ambalo taarifa zetu hazilioni kwa sababu halina lango la kusimama na kuhesabu. Miongoni mwa Wadatoga wapo wahunzi, watu wa ukoo wa Gidang'odiga, ambao kwa vizazi vingi wamefua visu, mikuki, na bangili za shaba. Mtoto hujifunza kwa mzazi wake akivukuta mivuo na kushika koleo. Hakuna siku ya mahafali. Siku anapoweza kufanya kazi peke yake tayari ana tanuri, nyundo na wateja. Katika hali hiyo zana hutangulia na sifa hufuata.

Sisemi tuurudie utaratibu huo. Umewafunga watu ndani ya ukoo, na wahunzi hao wamedharauliwa hata kwa kutooana na wengine. Mwanamapinduzi hawezi kuusifu ufundi unaorithiwa pamoja na dharau. Lakini akiwa mtathmini anaweza kuuliza kwa nini mfumo wa wasiosoma haukumwacha fundi hata mmoja bila nyundo, na mfumo wetu wa wasomi humpa kijana cheti cha uchomeleaji kisha ukamwambia akatafute mashine.

Vivyo hivyo ngozi. Wanawake wa Kibarabaig hutengeneza kwa mikono yao sketi za ngozi za wanawake walioolewa, kazi inayohitaji ujuzi wa kulainisha, kukata na kushona ambao haupatikani katika kitabu chochote cha mtaala. Nchi ina taasisi inayofundisha teknolojia ya ngozi Mwanza, na ina ng'ombe wengi, lakini programu ikifika katika kata ya wafugaji huja na vyerehani vya kitambaa, kwa kuwa ndivyo vilivyoandikwa katika mpango wa taifa zima. Utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi ni hatua njema kabisa, na ningependa kuuona ukifika kwa akina mama hao kabla ya kuwafikia mafundi gereji wa mjini.

Kuhusu zana, mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, ingeweza kuwa jibu. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya kasoro zilizojulikana na ikarejeshwa 2024. Kasoro iliyobaki, kwa maoni yangu, ni kwamba mafunzo na mkopo huingia kwa milango tofauti, kwa ofisi tofauti, kwa miezi tofauti. Kijana humaliza mafunzo mwezi wa sita na kikundi chake kujadiliwa mwaka unaofuata, wakati mikono imekwisha kusahau.

Pingamizi

Nimekwisha kuyaeleza mawazo haya mbele ya makada wenzangu, nami nikapingwa. Pingamizi zito lilikuwa hili: kumnyima kijana mafunzo kwa bahati nasibu, ili tupate wa kumlinganisha, ni ukatili usiofaa kwa Chama cha wanyonge.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama sasa hivi tungekuwa tunamfundisha kila mwombaji. Hatumfundishi kila mwombaji. Nafasi ni chache, na wanaokosa ni wengi. Tofauti ni kwamba leo wanaokosa hukosa kwa sababu hawamjui mtu, au tangazo lilibandikwa ofisini walipokuwa malishoni, au ada. Bahati nasibu inayofanywa hadharani, mbele ya mkutano wa kijiji, majina yakitolewa ndani ya kofia, haimnyimi mtu chochote zaidi ya anavyonyimwa sasa. Inaondoa kujuana tu. Na ikimwondolea mtu wa kujuana nafasi yake, atakuwa wa kwanza kutuambia kwamba ni ukatili.

Pingamizi la pili lilikuwa la gharama: utafiti wa namna ile ya Kenya na Uganda huhitaji wataalamu na magari. Hapa nakubali nusu. Hatuhitaji kila wilaya iwe na utafiti wa vyuo vikuu. Tunahitaji majina mawili katika daftari mahali ambapo leo kuna moja: aliyekwenda, na mwenzake wa rika lake, wa hali yake, ambaye hakwenda, na kuwauliza wote wawili baada ya mwaka mmoja, wa tatu, wa tisa. Chombo cha kufanya hivyo tunacho tangu enzi za TANU, nacho ni shina. Balozi anajua nani ameoa, nani amehamia Katesh, nani ng'ombe wake wamekufa. Ila nitoe angalizo moja. Daftari hilo lisiwe la kuwafuatafuata vijana wala la kuangalia nani ana kadi ya Chama. Asiye na kadi naye aandikwe, kwa sababu naye ni kijana, na kwa sababu bila yeye hesabu haitakuwa hesabu.

Siku ya mwisho ya semina ile ya Getanuwas nilimjaribu balozi mmoja, mtu wa makamo, aliyekuwa akisubiri usafiri pamoja nami chini ya mgunga. Nilimwomba anieleze vijana wa shina lake, waliokwenda kwenye mafunzo yoyote na wasiokwenda, na kila mmoja anafanya nini sasa. Hakuwa na karatasi. Alianza na nyumba ya kwanza upande wa mashariki akazunguka kwa kuelekeza kidole, kana kwamba anaziona. Huyu alisomea umeme, yuko Singida, hutuma fedha. Huyu hakusoma, anauza dawa za mifugo mnadani, na ndiye aliyemwazima yule wa umeme nauli. Huyu ana cherehani, lakini kimekaa tangu mkanda ukatike. Huyu alijifunza kwa kaka yake, anajenga. Alipofika nyumba ya mwisho akanyamaza, akakuna kidevu.

"Wa hapa ni binti," alisema. "Alikwenda Mbulu mwaka juzi. Sijui alimaliza. Huyo nitamwuliza mama yake kesho, tukikutana kisimani."